Tone Juu ya Pampu

Iliwaka karibu na Chaplin, pale chumvi
imerundikwa vilima vyeupe kando ya reli:
taa ndogo ya manjano, tone la maji
limechorwa juu ya pampu.
Nestor akaigonga kwa ukucha.
"Inatania."
Nikamwambia, egesha.

Hatukuwa tumezungumza tangu Oktoba
ila habari za funguo na risiti.
Baba aliuza shamba la kaskazini bila kutuuliza,
au alimwuliza mmoja wetu tu,
na kila mmoja aliamini ni mwenzake.
Kisha akafa Februari, ardhi ikakataa jembe,
na gari-nyumba lake likabaki nyuma ya maghala,
magurudumu ndani ya theluji,
tangi nusu.

Nililala chali kwenye kokoto.
Upepo wa Saskatchewan haupulizi, unasukuma.
Chujio limejificha nyuma ya fremu,
kikombe chake chini, na chini ya kikombe
kizibo cha plastiki ambapo mkono wa Nestor hauingii.
Wangu uliingia.
Nikatega chupa ya achari ya shangazi Paraska,
bado inanuka siki na vitunguu saumu.
Nusu mzunguko, kushoto.
Ikatoka kwa haya, kisha bila haya.

Nikaiinua kwenye jua.
Juu dizeli, njano kama chai iliyokosa majani.
Chini, vidole viwili vya maji.
Kati yao mstari
uliobaki sawa hata nilipoinamisha chupa.

"Nani ametia maji?" Nestor, sauti ya hakimu.
"Yule kijana wa Moose Jaw? Mvua? Kifuniko?"
Nikakagua kifuniko. Mpira wake mzima.
Hakuna aliyetia.
Tangi lililoachwa nusu linavuta hewa,
mchana linapata joto, usiku linapoa,
na pale pasipo mafuta, kwenye ule utupu wa juu,
bati linatoka jasho.
Tone. Desemba. Tone. Machi.
Maji mazito hayapigi kelele,
yanashuka, yanakaa chini, yanangoja safari.

Hayo sikumwambia. Nilisema, "Lilikaa nusu."
Akaelewa, au alikuwa akitazama
lori la ngano likipita.

Tukazungusha ufunguo bila kuwasha,
pampu ikavuma, tukazima, tukarudia.
Taa ile ile.
"Waya," akasema.
"Maji," nikasema.
Dakika kumi tulibishana waya na maji,
na ilikuwa, Mungu anisamehe, raha,
sauti yake ikipanda kama enzi zile za trekta.

Nikarudi chini. Mara ya pili, kidole kimoja.
Ya tatu, lulu moja tu, ikiviringika sakafuni mwa chupa.
Ya nne, hakuna.
Na taa inawaka.

Ndipo akajikunja yeye, miaka hamsini na tisa, goti bovu,
akaupenyeza mkono usioingia,
akachubuka, akatukana kwa Kiukraine cha bibi,
akachomoa plagi ya kihisi.
Pini mbili, moja kijani kwa kutu.
Akaipuliza. Akaifuta kwa shati la kanisani.
"Waya," akasema.
"Na maji," nikasema.

Taa ikazimika.

Ile chupa hatukuimwaga nyasini.
Ziwani kulikuwa na ndege wadogo wenye miguu myembamba,
wanakula harakaharaka kama wenye safari ndefu.
Tukaibeba kwenye sinki,
tumeibana kwa koti la Baba,
na kila kona niliisikia ikigonga bati.

Swift Current tulisimama kituoni.
"Lijae," Nestor akamwambia binti wa pampu,
"mpaka bomba likatike lenyewe."
Kisha akasimama pale akiangalia namba zikipanda,
damu imekauka kwenye vifundo vya mkono.
Akalipa.
Sikumzuia.